Nyota ya Juu ya Mabati ya Mama Mwelwa

"Umwambie atoe macho yake pa nyumba yangu!"

"Yaya Zakari, Mama anasema utoe macho pa nyumba yake."

"Umwambie Mama, na heshima yote, miye siangalie nyumba. Niko naangalia nyota."

"Mama, anasema iko naangalia nyota."

"Nimesikia, Bijou! Niko na masikio mbili. Umuulize nyota gani. Pale juu iko mabati yangu tu, ile marehemu bwana yangu alipigilia misumari na mikono yake."

"Yaya, Mama anauliza ni nyo..."

"Nimesikia, Bijou."

Bijou, aliyemwita Zakari "Yaya", yaani kaka, alikuwa mpangaji wa Mama Mwelwa, akikaanga mikate ya mafuta mbele ya geti. Hakuna aliyemwajiri kazi ya ukalimani. Aliipata kwa sababu alikuwa karibu, na kwa sababu hapendi habari ipite bila kugusa mkono wake. Mama Mwelwa alikuwa upande wake wa ukuta, amegeuza mgongo, akiufokea mpapai. Zakari alikuwa upande wa pili, kidevu juu, akizijibu mbingu. Kati yao ulisimama ukuta wa matofali unaomfika mwanaume shingoni, na kila neno lilivuka bila shida. Lakini mkwe na mama mkwe hawaongei. Wanaletewa habari.

Hiyo ni desturi ya kwao Mama Mwelwa, watu wa Kasenga, kando ya mto Luapula. Ukishaoa binti, mama yake anakuwa kama jua la saa sita: yupo, unajua yupo, humtazami. Hupiti mlango wake, huonji chungu chake, mpaka siku atakayopika mwenyewe na kukuita uingie. Siku hiyo inaweza kuja baada ya mwezi mmoja, inaweza kuja baada ya miaka, na wapo kina mama waliokwenda nayo kaburini. Ni yeye peke yake anayejua roho yake imetulia lini.

Kwa wanaume wengi desturi hii haina uzito. Mama mkwe yuko Kasenga, mkwe yuko Lubumbashi, na barabara mbaya inawasaidia wote wawili kuheshimiana. Zakari yeye alioa jirani.

Ubaya zaidi, alikuwa amekulia pale pale jirani. Shangazi yake, Tantine Rachida, mmoja wa wale Waungwana, Waislamu ambao babu zao walitoka Kasongo na cherehani kichwani, ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Tantine alikuwa na meza ya vitambaa sokoni, na chakula cha mchana hakijipiki. Kwa hiyo Zakari mdogo aliruka ukuta kila siku na kujipanga kwenye mkeka wa Mama Mwelwa pamoja na watoto wake. "Zaka, unawe mikono, chakula inapoa," mama aliita, na sauti hiyo ilifika mpaka kona ya pili ya avenyu. Alimfuta kamasi. Alimtoa mwiba. Siku alipovunja chungu cha togwa ya munkoyo alimchapa bila kumbagua, kama wa kwake. Kisha mtoto akakua, akajifunza kutengeneza viti vya sebuleni, akamwoa Dorine, binti wa mwisho wa nyumba ile, kwa ndoa ambayo imamu na padri waliikunjia uso kwa kiasi sawa. Siku hiyo Zakari alipata mke, akapoteza sahani.

Waliishi vizuri hata hivyo, Zakari na Dorine kwa Tantine, mama upande wake wa ukuta. Mama Mwelwa akitaka kutoka, anakohoa. Zakari akisikia, anaingia ndani. Wageni kwenye avenyu walidhani mama ana kifua, na mmoja alimletea asali.

Kisha Dorine akajifungua.

Siku ile Zakari alikuwa Kambove, amepeleka viti kwa mteja, na gari la kurudi lilikata springi njiani. Alipofika Lubumbashi, mke alikuwa ameshatoka maternité, hospitali ya wazazi, na, kama uzazi wa kwanza unavyotaka, amepelekwa kwa mama yake. Mtoto wa kike. Kitovu hakijaanguka, mtoto hatoki nje. Mlango haujafunguliwa, baba haingii ndani. Kwa hiyo mtu alikuwa na binti upande wa pili wa ukuta na hajawahi kumwona hata ukucha.

Na si kumwona tu. Kwa Waungwana, baba humwadhinia mtoto sikioni, ili neno la kwanza analolipokea duniani liwe neno la maana, na siku ya saba humpa jina. Siku ya saba ilikuwa kesho. Jina lilikuwa tayari, Yasmine, jina la mama yake Zakari. Sikio ndilo lililokosekana.

Ndiyo maana kila jioni, akimaliza swala ya magharibi, Zakari alikwenda kusimama ukutani kusikiliza mtoto akilia. Mtoto alikuwa na sauti. Zakari alijivuna kwayo kimyakimya, kama ameishona mwenyewe.

Tatizo lilikuwa dirisha.

Chumba cha nyuma kwa Mama Mwelwa kilikuwa stoo ya samaki wakavu anaowauza. Dorine alipokuja na mtoto, samaki walihamishiwa kwa Bijou, ubao uliofunga dirisha linalotazama ukuta wa jirani ukang'olewa ili harufu itoke, na mahali pake pakawekwa pazia jepesi. Saa ile ya magharibi ndiyo saa ya kumwogesha mtoto. Aliyemwogesha ni Mama Mwelwa mwenyewe, amejifunga kitenge kiunoni tu, kwa sababu maji yanaruka na yuko nyumbani kwake. Taa nyuma yake, pazia mbele yake. Jioni ya kwanza Zakari aliona kivuli, akajua ni cha nani, akayatupa macho juu kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Huko juu kulikuwa na nyota.

Mtu atauliza kwa nini hakutazama chini. Ukitoka mbinguni kwenda chini, unapita dirishani. Macho hayana ngazi ya nyuma.

Na kwa kweli haikuwa nyota ya kusifiwa. Msalaba wa Kusini ulikuwa juu zaidi, umejitandaza kama mwenye nyumba. Hii yenyewe ilikaa chini, peke yake, karibu iguse mabati, hafifu, nyeupe yenye ubuluu kwa mbali, kama shuka iliyosuuzwa kwa buluu ikaanikwa nchi nyingine. Ukiikodolea macho, inatoweka. Ukitazama pembeni yake kidogo, kama mtu asiye na haja nayo, inarudi mahali pake. Zakari hakushangaa. Alikuwa ameishi karibu na mama mkwe.

Sasa Mama Mwelwa, kila akimaliza kumwogesha mtoto, anajifunga vizuri, anatoka kumwaga maji, na kwa pembe ya jicho anamwona mkwe wake kidevu juu. Kwa watu wa kwao, mkwe mwenye adabu huinamisha kichwa mpaka unaona kisogo. Anayeinua kidevu mbele ya mama mkwe anasema jambo, na jambo lenyewe si zuri. Alimuuliza Bijou analionaje. Bijou, ambaye hakuwa na maoni lakini hapendi kukosa, alisema labda anahesabu mabati.

Kufikia asubuhi, avenyu yote ilijua kwamba Zakari anahesabu mabati. Kufikia mchana, alikuwa anangoja mama afe auze nyumba. Kufikia jioni, mnunuzi alikuwa ameshapatikana, mtu wa Kolwezi, mnene, na alikuwa ameahidi kung'oa mpapai.

Ndipo yakaja yale maneno ya ukutani.

"Umwambie," Mama Mwelwa aliuambia mpapai, "ule mutoto nilimufuta makamasi na mukono huu, leo ananipandishia kidevu juu ya nyumba yangu! Na kama iko nyota, aionyeshe. Bantu baione. Asipoionyesha, mulango yangu itabaki vile iko, na jina ya mutoto nitatoa miye. Ataitwa Nkandu, kama mama yangu. Nimemaliza."

Bijou alishusha pumzi. "Yaya, Mama anasema..."

Zakari hakumkatiza safari hii. Alitaka kuyasikia mara ya pili, labda yangepungua. Hayakupungua, Bijou aliongeza na la kwake, kwamba jina la Nkandu ni jina zuri hata hivyo.

"Umwambie Mama, nyota iko. Nitaionyesha sasa hivi."

Neno "sasa hivi" halijawahi kupita kwenye avenyu ile bila kuleta watu. Mafuta ya Bijou hayajapata moto vizuri, lupango ya Mama Mwelwa, uwanja wa mbele, ilikuwa imejaa. Baba Zéphirin, mstaafu wa reli, alikuja na kiti chake, maana shughuli zikiwa za bure viti huwa havitoshi. Régine wa kusuka nywele alikuja na mteja aliyesukwa nusu kichwa. Hata Tantine Rachida alizunguka kwa barabarani akaingia, akasalimia kama mtu aliyekuja msibani.

"Voisine, tumefika pa hapa, kweli?" alimwambia jirani yake, Mama Mwelwa.

"Ni mutoto wako, Rachida."

"Nilimulea. Lakini chakula alikula kwako. Hiyo kichwa ngumu ni unga ya bukari yako."

Mama Mwelwa aliugeukia mpapai, kwa sababu lilikuwa neno la kweli.

Zakari aliongoza kutoka nyuma ya ukuta, kwa sauti, kichwa tu ndicho kilichoonekana, na macho yake juu. "Muangalie Msalaba! Ile mukubwa! Mumeiona? Sasa mushuke chini yake, pole pole. Mushuke tena. Iko kanyota kamoja kadogo, keupe, kako na bulu kidogo."

Watu walishuka. Baba Zéphirin aliiona mara moja, akaionyesha kwa fimbo, nyekundu, ikiwaka na kuzima. Ilikuwa taa ya mnara wa simu. Régine aliona nyingine nzuri zaidi, na watu wakaanza kuipigia makofi, mpaka ikaenda kutua uwanja wa ndege. Mteja wa nusu kichwa aliona mbili. Wengine walisema wanaiona kabisa, lakini kila mmoja alionyesha upande wake, na wawili walianza kugombana wenyewe. Juu yao ilining'inia taa ya sola ya Mama Mwelwa, ile aliyoifunga kwenye mlingoti tangu wezi walipochukua kuku wake, na ilikuwa ikimwaga mwanga kama ya hospitali.

"Vraiment," Baba Zéphirin alisema akikaa, "pale hakuna kintu. Nilifanya kazi ya signali maisha yote. Taa ikiwa iko, ninaiona."

"Hapo mulipo hamuwezi kuiona," Zakari alisema. "Muzime taa. Na musiikodolee macho. Inaonekana kutoka fasi hii, hapa nilipo."

"Bon! Basi tukuye huko kwako!" Régine alisema, na watu wakaanza kugeuka kuelekea barabarani.

"Hapana!"

Wote walisimama.

"Hapana," Zakari alirudia, taratibu. "Hapa kwangu hapaingii bantu."

Alijua ubaya wa neno lile lilipokuwa bado mdomoni. Lakini mtoto alikuwa hajaogeshwa kwa sababu ya fujo, na wakati wowote taa ya chumba cha nyuma ingewashwa. Hakuweza kuweka avenyu nzima, pamoja na Baba Zéphirin na macho yake ya signali, mbele ya pazia lile. Wala hakuweza kueleza. Kusema "Mama, dirisha lako linaonyesha" ni kusema "Mama, nimeona," na baada ya hapo mtu hahitaji jina la mtoto, anahitaji tiketi ya kwenda Pweto asirudi tena.

"Mumesikia?" Mama Mwelwa aliwauliza watu. Hakupandisha sauti. "Nyota iko kwake tu. Sisi wengine tuko na mbingu ya namna ingine."

Watu walicheka. Tantine Rachida hakucheka. Alikuwa mfupi, na kwake ukuta ule ulikuwa mwisho wa dunia. Hakujua kilichokuwa upande wa pili. Lakini alimjua mtoto wake, na alijua akiwa na haya anakuwaje. Alikuwa hivyo sasa.

"Voisine," alisema, "bantu hapana. Lakini weye ni mama. Weye, anaweza kukukatalia?"

Mama mkwe haendi kwa mkwe, na jambo hilo ni zito kama mkwe kwenda kwa mama mkwe. Mama Mwelwa aliutazama mpapai kwa muda, kama kwamba ndio wenye uamuzi.

"Bijou," alisema. "Umwambie atoke. Miye mwenyewe nitaenda simama pale anasimamaka. Nikikosa nyota, maneno imekwisha. Na ufunike hiyo taa."

Bijou alipanda juu ya kiti cha Baba Zéphirin na kuifunika taa ya sola kwa beseni la unga. Giza likaingia, na ndani yake Mama Mwelwa akajifunika kitenge kichwani na kukohoa. Upande wa pili Zakari alisikia, akatoka getini kwake, akauelekea ukuta wa barabara, uso karibu na matofali. Mama alipita nyuma yake. Watu waliokuwa barabarani, kwa kutojua desturi inawahusu au haiwahusu, nao waligeukia ukutani. Kwa kitambo kidogo avenyu yote ilisimama kama iliyoshikwa na askari.

Kisha geti la Tantine Rachida likafungwa, na Zakari akajikuta hana mahali pa kusimama. Alienda akasimama mbele ya geti la Mama Mwelwa, karibu na karai la Bijou, akanyoosha mikono juu ya moto kama mtu anayeota. Ilikuwa mwanzo wa kiangazi, ambacho Lubumbashi huja na baridi, kwa hiyo hakuonekana mjinga sana.

Geti lilikuwa wazi. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Ndani taa ya chumba cha nyuma iliwashwa, na mtoto, aliyecheleweshewa maji yake, akaanza kulia. Kutoka ukutani sauti ile ilikuwa inapita kwenye matofali na pazia. Hapa ilikuja yenyewe, nzima, na kwikwi zake. Zakari alisikia Dorine akisema, "Kimya, mama, kimya, bibi yako njo anaogeshaga vizuri, miye najaribu tu," na maji yakimwagwa ndani ya beseni.

"Yaya," Bijou alisema chini chini, akigeuza mkate kwenye mafuta. "Mama hayuko. Bantu beko naangalia mbingu. Mulango iko wazi. Uingie, umwimbie mutoto hiyo kintu yenu mu sikio, utoke. Miye nina moshi mu macho, sioni kitu."

Haikuwa mbali. Alijua mpaka jiwe la kukanyaga, lile linalocheza. Alijua mlango ule wa nyuma unalia ukiusukuma haraka na haulii ukiuinua kidogo. Angekuwa amemaliza kabla mikate haijaiva.

Alibaki na mikono juu ya moto.

"Hapana, Bijou."

"Juu ya nini? Kesho ni siku ya saba."

"Kuku wa Mama alichukuliwa hivyo hivyo," Zakari alisema. "Mulango wazi, mama hayuko."

Bijou alifikiri. "Lakini mutoto ni wako."

"Njo maana."

Upande wa pili wa ukuta, Mama Mwelwa alikuwa amepata alama za viatu vya mkwe wake kwenye vumbi, mguu wa kushoto na wa kulia, akakanyaga humo humo ili hesabu iwe ya haki. Aliinua kichwa. Akautafuta Msalaba, akashuka. Hakukodoa macho. Watu wengine walikuwa wameitazama mbingu kama wanaodai kitu. Yeye alikuwa mkwe wa mtu kwa miaka mingi na mama mkwe wa mtu baada ya hapo, na kuona kitu bila kukitazama ndiyo kazi aliyoifanya maishani. Aliyaegesha macho pembeni, mahali pasipo na kitu. Nyota ikatokea.

Aliiangalia hivyo, kwa ubavu, akiwa hana haraka. Kisha akashusha macho.

Kilichofuata watu walikijua kutokana na sauti tu. Walisikia "Ee!" moja, fupi, ya mtu aliyekanyaga maji baridi. Tantine Rachida akaanza kusogea kwenda kuona kama voisine ameanguka.

Hakuwa ameanguka. Alikuwa anamtazama binti yake akimwogesha mtoto. Alimwona Dorine kwenye pazia, mkono, bega, kifua, hata kipande cha sabuni, kila kitu, kikubwa kuliko chenyewe, kama sinema ya bure. Akamwona mtoto akipiga teke. Akakumbuka jana, na juzi, na kitenge chake kiunoni. Aliyapima macho yake mwenyewe kutoka dirishani kwenda juu mpaka kwenye ile nyota, kidevu kikapanda, kikafika pale pale alipokuwa akikiona kila jioni kwa pembe ya jicho. Alibaki hivyo, kidevu juu, kwenye viatu vya mkwe wake.

Jambo lingine aliloliona kwenye pazia ni kwamba chumbani mle walikuwa wawili tu, mama na mtoto, na hakuna mtu wa tatu aliyeingia.

Alikohoa. Zakari akageukia ukuta, watu wakageukia ukuta, mama akapita, akaingia kwake. Alisimama mbele ya mpapai.

"Bijou. Uwaambie bantu: nimeona."

"Umeona nini, Mama?" watu waliuliza kwa pamoja, kwa sababu kuona ni neno pana.

"Nyota. Iko pale. Ni kadogo, hakana nguvu, kama taa ya muntu mwenye hana mafuta. Lakini iko, na iko fasi yake." Akageuza shingo kidogo. "Baba Zéphirin, weye na signali yako, pole. Muende kulala, bantu yangu. Nyota si matanga."

Watu waliondoka polepole, wakiwa hawajaridhika. Mnunuzi wa Kolwezi alikuwa amekufa bila kuzikwa. Wengine walinunua mikate, ili safari isiwe bure.

"Na umwambie ule bwana," Mama Mwelwa alisema walipobaki watatu, "kesho asubuhi, mbele ya yote, nitaenda soko kununua pazia. Nzito."

"Yaya, Mama anasema kesho atanunua pazia nzito," Bijou alisema. Akangoja maelezo. Hakupewa na yeyote, na ilimuuma wiki nzima.

Zakari aliyaangalia matofali mbele ya pua yake. "Umwambie Mama aksanti," alisema.

Asubuhi, Tantine Rachida alikuwa anafagia aliposikia kitu kikivuka ukuta kwa kelele. Kilianguka karibu na ufagio wake, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge. Alikuwa jogoo, mwekundu, mzito, mwenye hasira.

"Zakari! Kuku zimeanza kunyesha!"

Kutoka upande wa pili sauti ya Bijou ilipanda: "Yaya, Mama anasema umuchinje vile dini yako inapenda! Halafu umurudishe!"

Zakari alitoka na kisu mkononi na sura ya mtu aliyeamka nusu. "Mama anachinjaka kuku zake mwenyewe. Kisu yangu ya nini?"

Tantine Rachida aliuegemea ufagio, akamtazama mtoto aliyemlea. "Ule mama ni wa kanisa. Kuku yake inachinjwa na yeyote, inaenda. Akitafuta kisu ya Mungwana, ni kwamba mudomo wa Mungwana utakula. Una mudomo, weye?"

Zakari alimchinja jogoo akielekea kibla. Kibla cha Lubumbashi kiko kaskazini, nyumba ya Mama Mwelwa iko kusini, kwa hiyo dini na desturi zilikubaliana bila mkutano: mgongo kwa mama mkwe. Alipomaliza alimbeba mpaka ukutani kumrudisha, na hapo akakwama. Asubuhi ile mbingu ilikuwa nyeupe kuanzia upande hadi upande, haina hata kitu kimoja cha kushikilia jicho. Hakujua aangalie wapi. Akainamisha kichwa mpaka kisogo kikaonekana.

Upande wa pili mikono ilimpokea jogoo.

"Bijou," sauti ya Mama Mwelwa ilisema, "umwambie kumbe na chini anajua kuangalia."

"Na jina, voisine?" Tantine Rachida aliuliza kutoka chini ya ukuta, kwa kuwa huyu hakukatazwa na desturi yoyote. "Yasmine ao Nkandu?"

"Hiyo ni maneno ya wakati wa kula," Mama Mwelwa alijibu, na moshi wa jiko ukaanza kupanda.

Pazia lilitundikwa, la buluu iliyokolea, zito kama blanketi. Jogoo alichemka asubuhi nzima. Kwa kuku mwenye hasira kama ile, hakuna njia ya mkato. Harufu ya vitunguu na mafuta ya mawese ilivuka ukuta bila mkalimani. Zakari alipigilia misumari kwenye kiti kimoja, akaing'oa, akaipigilia upya. Alitia udhu mara mbili. Alivaa kanzu yake ya Idi, akaivua kwa kuona ni kujipendekeza, akaivaa tena kwa kuona ni heshima. Adhuhuri ilipopita alikwenda akasimama nje ya geti la jirani, kichwa chini, akiliangalia lile jiwe linalocheza.

Ndani kulikuwa na mlio wa sahani. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza. Kisha mlango ukafunguka wote, mpaka ukutani, na vidole vya miguu vya Mama Mwelwa vikatokea kizingitini, ndani ya viatu vyake vya kanisani.

Bijou aliacha karai, akapangusa mikono, akajiweka sawa katikati, tayari kubeba neno.

Neno lilimpita juu ya kichwa.

"Zaka," sauti iliita, ile ile, ikafika mpaka kona ya pili ya avenyu. "Ingia. Unawe mikono, chakula inapoa."